Mistari Niliyoifuta Kwenye Injini

Kosa langu la kwanza kwenye lile gari lilikuwa kulisafisha. Ilikuwa Jumapili asubuhi, fundi mwenye gereji, niliyemwita tonton, yaani mjomba, yuko kanisani, nami nilikuwa peke yangu gereji. Mbele ya injini, upande wa kulia, palikuwa na ubapa mdogo wa chuma, mfupi kuliko kidole changu cha kati, wenye herufi na namba zilizogongwa kiwandani. Ulikuwa na kutu na mafuta yaliyoganda. Nilichukua msasa laini, nikautia mafuta kidogo, nikasugua mpaka namba zikasomeka ukiwa umesimama mlangoni. Nilitumia kama dakika ishirini. Kisha nilirudi nyuma, nikatazama, nikasugua tena kwa sababu pembe moja ilikuwa imebaki na doa.

Tonton aliporudi, bado amevaa suti yake ya kanisani, aliinama akatazama akacheka.

"Wewe petit, siku moja utajisugua mpaka ubakie mifupa."

Petit, yaani mdogo, ndivyo alivyoniita. Nilifurahi. Nilichukulia kwamba ananisifu.

Tonton hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa mtu wa Bukavu, nami nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, nikaja Brussels na mama nikiwa mtoto. Nilipoacha shule ya ufundi kabla ya kumaliza, kwa sababu nilishindwa kukabidhi kazi yoyote ambayo naiona bado haijakamilika, ni yeye aliyenichukua. Gereji yake ilikuwa mtaa wa Koekelberg, uani nyuma ya safu ya nyumba za matofali, na ukitoka nje kupumua harufu ya rangi unaliona kuba la kijani la basilika juu ya mapaa. Kwa miaka ishirini alikuwa ananyoosha bodi za magari ya gereji za watu wengine. Gari likija limepondeka, analirudisha likiwa zima, na linatoka kwa mwenyewe likiwa na risiti ya jina la gereji nyingine. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Ila kila alipomaliza mlango mgumu alikuwa anapitisha kiganja juu yake na kusema, "Hii hawatajua ni ya nani."

Lile gari lilikuwa lake. Lilikuwa gari la Kimarekani la mwisho wa miaka ya sitini, milango miwili, boneti ndefu, silinda nane. Wapenzi wake huyaita magari ya misuli, kwa sababu ni bodi ya gari la kawaida la familia iliyowekewa injini kubwa kupita kiasi. Alilikuta ghalani kwa mkulima, limejaa majani makavu na vinyesi vya kuku, akalifanyia kazi miaka sita, jioni na siku za sikukuu. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka liuzwe kwa mpenzi wa kweli wa magari hayo, likiwa na ripoti ya mkaguzi, na katika ripoti hiyo, kwenye mstari wa nani alilikarabati, liandikwe jina lake.

Mimi nilijipa kazi ya kulithibitisha. Hakuna aliyenifundisha. Nilikwenda maktaba, nikakaa kwenye kompyuta, nikasoma kurasa za Kiingereza nikiwa na kamusi pajani. Nilijifunza kwamba gari kama hilo lina thamani kamili ikiwa injini iliyo ndani yake ndiyo ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na kwamba namba za kwenye injini lazima zifanane na namba za kwenye kibati cha dashibodi. Nilizilinganisha. Zilifanana. Nilizilinganisha tena kesho yake, na keshokutwa, kama ninavyorudi kukagua jiko la gesi mara tatu kabla ya kutoka nyumbani. Nilijaza daftari zima kwa mwandiko mdogo, na ukurasa wenye kosa niliuchana na kuuandika upya.

Wiki chache baada ya kusugua ule ubapa, nilifikia ukurasa ulioeleza jinsi wakaguzi wanavyowakamata waongo. Niliusoma pole pole kwa sababu ya Kiingereza changu, kwa hiyo habari mbaya ilinifikia neno kwa neno. Kiwandani, kabla ya kugonga namba, mashine hulainisha ule ubapa na kuacha mistari myembamba sana iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja. Namba hugongwa juu ya mistari hiyo. Mtu anayetaka kughushi hutafuta injini nyingine, husugua namba zake kwa msasa, kisha hugonga namba anazozitaka. Akisugua namba, na mistari nayo huondoka. Kwa hiyo mkaguzi hasomi namba kwanza. Anatafuta mistari. Pasipo na mistari, mtu alipita.

Nilifunga ukurasa. Nilifungua tena nikitumaini nimeelewa vibaya. Nilitoka maktaba bila koti langu, nikarudi kulichukua, nikatoka tena. Nilipofika gereji nilimulika kwa tochi ule ubapa na kutazama. Ulikuwa unang'aa kama kijiko. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Nilikuwa nimepiga picha kabla ya kusugua. Picha saba. Nilikumbuka hilo nikiwa nimesimama pale na tochi, na nilikumbuka pia kwamba nilizifuta usiku ule ule kwa sababu zilikuwa na ukungu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Tonton alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anachanganya rangi na kuimba wimbo wa kwaya. Nilifungua kinywa, nikauliza kama anataka chai. Kuanzia siku hiyo nilinyamaza miezi kumi na moja. Siwezi kuipamba hali hiyo. Nilikula kwake kila Jumamosi. Nilimsikia akiwaambia watu baada ya misa na kwenye misiba kwamba gari liko tayari, linangoja mkaguzi tu, na kwamba "huyu petit njo anajua namba yake yote," yaani mimi ndiye nijuaye namba zote za gari hilo. Nami nilikuwa natikisa kichwa.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa hiki: kama mkaguzi angeona ubapa uliosuguliwa, hangesema kijana mmoja alipenda usafi. Angesema fundi wa Kikongo mwenye gereji ya uani huko Koekelberg amegonga namba za uongo. Na kila mlango ambao tonton aliunyoosha kwa miaka ishirini ungegeuka kazi ya tapeli.

Basi nilianza kutafuta ushahidi mwingine, nikidhani nikiupata wa kutosha sitahitaji kukiri. Viwanda vile vilikuwa vinaacha karatasi ya maagizo kwenye springi za kiti cha nyuma. Nilikivua kiti, nikakuta panya wamekula karatasi, imebaki pembe moja yenye tundu la pini. Gia boksi huwa nayo na namba. Nililala chini ya gari nusu siku nikisafisha, safari hii kwa kitambaa tu, nikaona namba ni ya gari lingine. Mtu aliibadilisha zamani sana. Nilivua kasha la hita, nikaona namba ya siri ya bodi, kamili, yenye rangi ya kiwandani bado juu yake. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, kisha nikaelewa kwamba inathibitisha bodi tu. Kuhusu injini haisemi lolote.

Maman, mke wa tonton, aliniona nakonda. Walikaa mtaa wa Ixelles, ghorofa ya nne, karibu na migahawa ya watu wetu, na kila nilipofika alinipakulia kabla sijavua viatu.

"Hukule," aliniambia Jumamosi moja. "Iko mwanamuke?"

"Hapana, maman."

"Iko deni?"

"Hapana."

"Donc iko kintu ulifanya." Aliendelea kukata vitunguu. "Ni kwa tonton?"

Nilimwomba, kama anaweza, siku tonton akiwa na furaha, amtayarishe kidogo.

"Ah non. Mi siko posta," alisema. "Barua yako, miguu yako."

Mnunuzi akapatikana. Alikuwa mtu wa huko Flanders mwenye magari mengine kama hilo, na alisema atalichukua, ila kwanza atamtuma mkaguzi wake, mzee anayekaa Auderghem karibu na msitu. Siku ilipangwa, wiki tatu mbele. Tonton alipeleka suti kwa dobi.

Katika wiki hizo tatu nilifanya jambo ambalo hata sasa naliandika kwa shida. Niliwaza kuirudisha mistari. Injini ilikuwa ya kweli, namba zilikuwa za kweli, kilichokosekana ni mistari tu, na mistari ni mikwaruzo. Nilifunga msasa mkali kwenye kipande cha mbao kilichonyooka na kuanza kujaribu juu ya vyuma chakavu. Kila siku baada ya kazi nilijaribu, nikalinganisha na picha za kwenye mtandao, nikatupa, nikajaribu tena. Siku ya kumi mistari yangu ilikuwa mizuri. Nilijivunia. Nasema ukweli: nilikuwa nimejifunza kughushi na nilijivunia jinsi ninavyojua.

Jumapili ya mwisho, tonton akiwa kanisani, nilifungua boneti. Niliweka mbao juu ya ubapa, nikavuta pumzi, nikasukuma mara moja.

Mkono ulipinda. Labda kwa upana wa unywele. Mkwaruzo mmoja ulikatiza chini ya namba, ukaenda mshazari. Niliutazama muda mrefu. Kisha niliweka mbao chini, nikafunga boneti. Ningependa kusema dhamiri ilinizuia. Haikuwa dhamiri. Niliacha kwa sababu haukunyooka, na nilijua kwamba nikiendelea itakuwa kazi mbaya. Sikuweza kuufuta ule mkwaruzo bila kusugua tena. Niliuacha.

Mkaguzi alikuja Jumanne asubuhi akiwa na mkoba mdogo, tochi, kioo kama cha daktari wa meno na kipande cha sponji cha kupigia magoti. Alikuwa mzee mrefu, mpole, aliyeomba ruhusa kabla ya kufungua chochote. Tonton alikuwa amevaa suti, na juu yake koti jeupe la kazini lililopigwa pasi. Mimi nilisimama nyuma yao na daftari langu. Walizungumza Kifaransa.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa nzuri. Mzee alizunguka gari, akainama, akapitisha mwanga wa tochi kwenye mlango wa dereva kutoka mbele hadi nyuma.

"Nani alinyoosha mlango huu?"

"Mimi," tonton alisema.

"Umenyooka kuliko ulivyotoka kiwandani."

"Asante."

"Kwa kazi yangu ya kutafuta uhalisi hiyo si sifa, bwana. Kwa kazi yako ni sifa kubwa."

Tonton alinigeukia akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Umesikia? Andika ile mu daftari yako." Nililifungua daftari na kulifunga tena.

Kisha mzee aliinama kwenye injini. Aliweka kioo chake juu ya ubapa, akawasha tochi kwa pembeni. Akazima. Akawasha tena kutoka upande mwingine. Hakugusa. Alikaa hivyo kwa muda ambao niliweza kusikia tramu ikipita barabarani na nyingine ikija.

"Bwana," alisema bila kuinua kichwa, "ni nani aliyepitisha mkono hapa?"

Tonton alikuja akatazama. Hakuelewa anachoulizwa, lakini alielewa sauti. Aliitazama injini yake, akamtazama mzee, na akajibu kama anavyojibu mwenye nyumba.

"Hapa ni kwangu. Kila mkono uliopita hapa ni wangu."

"Ubapa huu umesuguliwa. Na baadaye mtu amejaribu kuweka mstari. Mkwaruzo huu ni mpya, bado haujashika hata vumbi." Sasa aliinuka, na macho yake yalikuwa yamebadilika. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu anayeanza kufunga mkoba. "Unaelewa ninalazimika kufikiri nini."

Tonton alielewa. Niliona shingo yake ikikakamaa ndani ya kola. Alipitisha kiganja juu ya ukingo wa boneti, kama alivyofanya kwa kila mlango.

"Ni mimi," nilisema. "Nilisugua mimi, mwaka jana, kwa kusafisha. Sikujua. Na ule mkwaruzo ni mimi pia, juzi Jumapili. Yeye hajui. Yote mawili hajui."

Nilieleza yote, picha zenye ukungu, maktaba, mbao, vyuma chakavu. Nilivitoa hata vyuma chakavu kwenye sanduku chini ya meza, nikavipanga mbele yao kwa mpangilio wa siku. Mzee alivitazama kimoja kimoja.

"Hiki cha mwisho kingenidanganya," alisema.

Tonton hakunitazama. Alikwenda kwenye kabati la bati anakoweka karatasi, akavuta kijalada cha gari, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya kalenda ya ukutani, na nyuma yake, katikati ya wingu la penseli, zilikuwa zimetokea namba za injini.

"Kwetu Bukavu," alimwambia mzee kwa Kifaransa, "ukinunua injini, kabla ya kuipakia unaweka karatasi juu ya namba na kusugua kwa penseli. Mtu akikubadilishia njiani, au askari akisema si yako, una karatasi. Hii nilifanya ghalani, siku nilipolinunua. Huyu hakuwa hata amekuja kwangu."

Mzee aliichukua kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani. Nilisogea nyuma yake. Mistari ilikuwepo. Ilikuwa myembamba, imenyooka, inapita chini ya namba kutoka ukingo hadi ukingo, na namba tatu ilikuwa imeegemea kulia kidogo, kama inavyoegemea kwenye chuma hadi leo. Kwa miezi kumi na moja ilikuwa ndani ya kabati ambalo nililipangusa vumbi kila Ijumaa. Ningesema siku ile ya maktaba, tonton angefungua kabati, angenionyesha, na mbao yangu isingegusa injini.

"Bila huu mkwaruzo," mzee alisema, "ningekuwa na swali moja, na karatasi hii ingelijibu. Sasa nina maswali mawili. Nakuamini, kijana. Lakini ripoti haiandikwi kwa kuamini." Alifikiri. "Naweza kuandika kwamba injini haikuthibitishwa. Sitaandika kwamba imeghushiwa. Ila nataka maelezo yako, kwa mkono wako, yakae na ripoti hii popote gari litakapokwenda."

Niliandika palepale juu ya meza ya kazi. Katika mstari wa nne nilikosea neno na kulikata. Nilitaka kuchana karatasi nianze upya, mkono ulikwisha kuishika pembeni. Tonton aliweka kiganja chake juu yake.

"Acha ivyo," alisema. "Usisafishe."

Mzee alipoondoka tulibaki na gari. Tonton alivua koti jeupe, akalikunja.

"Miezi ngapi?"

"Kumi na moja."

"Miezi kumi na moja uko nakula kwangu, na ile kintu iko mu roho." Alikaa juu ya ndoo ya rangi na suti yake. "Bon. Sikiya. Mi sikasirike juu ya chuma. Chuma njo chuma. Nakasirika juu ule muzee aliniangalia vile, mbele ya gari yangu, na wewe ulijua ataniangalia vile, na uliniacha nipeleke suti kwa dobi."

Hakunifukuza. Alininyamazia kama wiki sita, akinipa kazi kwa kunyoosha kidole, na Jumamosi maman alinipakulia bila kuuliza kitu.

Mnunuzi alijitoa kwa simu. Ripoti ilikuja kwa posta. Kwenye mstari wa aliyelikarabati paliandikwa jina kamili la tonton, herufi zote sawasawa, mara ya kwanza kwenye karatasi yoyote. Mistari mitatu chini yake paliandikwa kwamba uhalisi wa namba ya injini haukuweza kuthibitishwa. Alizisoma sehemu zote mbili kwa sauti, akaiweka kwenye kijalada pamoja na maelezo yangu na karatasi ya kalenda. Miaka miwili baadaye gari lilichukuliwa na mtu aliyetaka kuliendesha tu, hakujali namba. Alipewa kijalada kizima. Tonton alimwambia asome kwanza karatasi ya petit.

Siku hizi nafanya kazi ya kukagua magari ya zamani, na bado narudi kukagua jiko mara tatu. Picha zenye ukungu sizifuti. Na nikiharibu kitu cha mtu, namwambia siku hiyo hiyo, kabla sijatafuta namna ya kukitengeneza.